Gitaa Lisilo na Tumbo

Januari ya Buffalo haina adabu.
Inaingia kwa Bi Wanda bila kubisha hodi,
na bomba la joto ukutani linapokohoa kumfukuza mgeni huyo
hewa hukauka mpaka midomo ikachanika.
Ndivyo lilivyopasuka gitaa la Thaddeus.

Gitaa la mjomba wake, la kifua kipana,
lenye matundu mawili yaliyopinda
kama nyusi za mtu asiyeamini anachoambiwa.
Lilipasuka usiku, ndani ya kasha lake.
Alilisikia akiwa kitandani: ta!
Akadhani ni barafu mtoni.

Ijumaa iliyofuata akaja na ubao.
Sina neno jingine. Ubao wenye nyuzi sita,
mwekundu kama gari la zimamoto,
dola themanini, duka la rehani nyuma ya reli,
na juu yake stika ya fuvu,
kumbukumbu ya kijana fulani aliyeupigia kelele gerejini
kabla kodi ya nyumba haijamshinda.

Emmett akaitoa tarumbeta mdomoni.
"Umetuletea kibao cha kukatia kabichi?"
Tukacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe,
nimeliegemea besi langu nene kama shangazi,
mimi niliyeamini kwamba sauti ni hewa
na hewa haina budi kupewa chumba.

Thaddeus hakujibu.
Nyuzi nyembamba alikwisha kuzing'oa nyumbani,
akauvisha nene, laini, zisizokwaruza.
Akashika kitufe cha toni, akakirudisha nyuma taratibu
kama mtu anayepunguza utambi wa taa
mtoto akishalala.
Ukali wote ukatoka.
Akaweka kidole gumba.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wenyewe,
na mimi debe lile nililijua miaka kumi na tisa.
Odell akizidisha ngoma kidogo tu
kile kifua kipana kilianza kunguruma chenyewe,
na Thaddeus akikibana kwa kiwiko, kwa tumbo,
kwa soksi alizosokomeza ndani ya matundu.
Nusu ya muziki wake ilikuwa kumtuliza mnyama.

Usiku ule Odell alipiga apendavyo.
Ubao ulitulia kama mtu aliyeshiba.

Halafu ile noti.
Sijui niiseme vipi. Katikati ya wimbo wa polepole
aligusa moja, si ya juu, si ya chini,
akaiacha.
Gitaa la mjomba lingekwisha kuimeza,
ndiyo maana siku zote alisema upesi upesi,
noti juu ya noti,
kama mtu anayepiga simu kwa sarafu za mwisho.
Hii haikumezwa.
Bi Wanda akafuta glasi, akaipanga rafuni: bado ipo.
Treni ya mizigo ikapita na mabehewa yake yote,
chupa zikatetemeka, zikaacha: bado ipo,
nyembamba sasa, lakini ipo,
na Thaddeus, miaka sitini na miwili, akiuinamia ubao
kama aliyetambua, kwa kuchelewa,
kwamba anaweza kunyamaza
na bado akawa anaongea.

Emmett hakuomba radhi. Si kawaida yake.
Zamu yake ilipofika aliinua tarumbeta,
akaishusha,
akaacha mapigo kumi na sita yapite matupu.
Baadaye, tukikunja nyaya, aliuliza tu:
"Kina uzito gani hicho kibao?"
"Shika."
Akashika. Mikono ikashuka kidogo.
"Mm," akasema, akarudisha.

Fuvu halikubanduliwa.
Jasho la mkono linalila, Ijumaa kwa Ijumaa.
Macho yamekwenda, pua imekwenda.
Yamebaki meno.